Sura ya Sita: Kisu Kilichogeuka Rangi

"Andika," Abel alisema. "Nimemuua mimi."

Kalamu ya Inspekta Sesilia Ngassa ilisimama juu ya karatasi. Kwa siku mbili mtu huyu alikuwa amekana mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa ameapa kwa Mungu, kwa marehemu mama yake, na kwa Sabato anayoitunza tangu utotoni, kwamba hakumgusa shemeji yake. Leo Alhamisi, siku ya tatu, bila kofi wala kelele, bila hata swali gumu, amekiri. Sesilia alikuwa na miaka kumi na minne katika upelelezi na alishawasikia watu wakikiri kwa kila namna, lakini hapa alishtuka hasa, mpaka akajikuta ameiweka kalamu chini.

"Rudia."

"Nimemuua Ignas. Peke yangu. Andika, afande, tumalize."

Koplo Donatus, aliyekuwa ameegemea mlango, alimtupia bosi wake jicho la ushindi. Yeye tangu mwanzo alisema ni Abel. Angekuwa nani mwingine? Ignas, mnunuzi wa dhahabu aliyejulikana Katoro nzima, alikutwa Jumanne saa mbili asubuhi ndani ya chumba cha kuchomea dhahabu, nyuma ya nyumba yake, amelala chali, ana majeraha matatu ya kisu ubavuni. Daktari alisema amekufa tangu jioni ya Jumatatu, saa moja au saa mbili hivi. Abel, mdogo wake mke wa marehemu, aliishi chumba cha uani, na mchana wa Jumatatu hiyo hiyo watu wa mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, waliwaona wawili hao wameshikana mashati. Wakisemezana nini? Mambo ya nyumbani, walisema mashahidi, hatukusikia vizuri. Abel alidai jioni alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, lakini wanakwaya hawakukubaliana alifika saa ngapi. Na Jumanne, Abel alipopekuliwa, mfukoni mwake kilitoka hicho kisu kilichokuwa mezani sasa, ndani ya mfuko wa plastiki.

Kilikuwa kisu cha kukunja, kidogo kiasi kwamba ukikikunja kinajificha ndani ya kiganja. Mpini wake ulikuwa wa titani, chuma kigumu lakini chepesi mpaka unashangaa ukikishika. Upande wa mkia mpini ulikuwa wa rangi ya jivu. Kuanzia katikati kwenda kwenye bawaba ulikuwa na rangi za ajabu: manjano, kisha zambarau, kisha buluu, zimeingiliana kama mafuta ya taa juu ya maji.

"Ulimpiga kisu mara ngapi?" Sesilia aliuliza.

Abel alisita. "Mara moja."

Donatus aliacha kuegemea mlango.

"Halafu kisu ukakifanyaje?"

"Nikakiosha."

"Kwa nini?"

"Kwa maji, afande. Watu wanaosha kwa nini?"

"Na hii rangi ya buluu?"

Abel aliangalia mikono yake. "Mambo ya rangi siyajui."

Sesilia alirudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua. Alikuwa amemwambia nini dakika tano zilizopita, kabla hajakiri? Alikuwa amemwambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba daktari amepima majeraha na yanalingana na kisu hiki, na ndani ya bawaba kumekutwa punje nyeusi za damu iliyoungua. La pili lilikuwa swali la kupita tu: rangi hii ya buluu kilikuja nayo kutoka dukani? Hapo ndipo Abel alipokitazama kisu, akakitazama tena, midomo ikamchezacheza, kisha akasema andika.

Simu ya mezani ililia. Mkuu wake hakuwa na maneno mengi. Koplo amemtumia ujumbe kwamba mtuhumiwa amekiri, vizuri sana, gari litaondoka na mtuhumiwa saa nane mchana kwenda mahakamani Geita.

"Kuna kitu hakijakaa sawa, afande. Majeraha ni matatu, yeye anasema moja."

"Ya majeraha ataulizwa huko huko. Saa nane, Inspekta."

Kesi ya mauaji haina dhamana. Akishapanda gari lile, Abel, mwenye miaka ishirini na sita, atakaa mahabusu mwaka, miaka miwili, huku maelezo yake ya kukiri yakimsubiri jaladani, sahihi yake ikiwa chini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro robo.

Walipotoka nje walimkuta dada wa mtuhumiwa kwenye benchi la mapokezi. Bernadina, Mama Blessing, alikuwa mjane wa siku tatu. Kanga nyeusi aliyojifunga ilikuwa na vumbi la mkeka. Mazishi yalikuwa jana, na leo, badala ya kukaa akapokea pole, alikuwa ametembea mpaka kituoni na chupa ya uji. Kwa jambo hilo tu alikwisha kusemwa mjini kote: mjane anatoka matangani kwenda kumnywesha muuaji wa mumewe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Blessing. Pole na yote."

"Nimeshapoa. Nimemletea mdogo wangu uji wa ulezi." Alifungua chupa amimine, kikombe kikagongana na mdomo wa chupa, uji ukamwagikia vidole vyake. Hakuonekana kusikia moto. Sesilia alimsogelea akamshikia kikombe, akamimina yeye.

"Leo mtamwachia?" Bernadina aliuliza.

"Ukweli ukijulikana."

"Basi mtamwachia. Abel hajaua mtu. Hata kuku anaomba achinjiwe."

Sesilia hakuwa na moyo wa kumwambia kilichoandikwa mle ndani. Alimtazama akikusanya vitu vyake, kifuniko cha chupa kikimponyoka mara mbili, akamhurumia. Huzuni, alijisemea, inaweza kumvunja mtu mpaka vidoleni.

Abel alikuwa ameeleza tangu siku ya kwanza alikonunua kisu: kwa Boaz, sokoni Katoro. Boaz alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kibanda kilichojaa tochi za kichwani, mizani midogo ya kupimia dhahabu, betri, na visu vya kila umbo. Bidhaa zake aliwaagiza madereva wa malori ya bandari kavu ya Isaka, na mtu akimuuliza zaidi ya hapo ucheshi wake ulikuwa unapungua. Alipomwona Inspekta na Koplo ulipungua papo hapo.

"Mimi risiti ninazo, mama."

"Sitaki risiti. Nataka kujua kisu hiki kilikuwa cha rangi gani siku unakiuza."

Boaz alikitazama kupitia plastiki. Akaguna, akatikisa kichwa. "Kumbe kweli. Nilidhani ananitania."

"Nani?"

"Abel mwenyewe. Si alilalamika kwenye kundi?"

Kundi hilo lilikuwa la wateja wake, watu mia moja na kumi na wawili kwenye simu zao. Boaz alikuwa mfanyabiashara mwenye akili. Kila aliyenunua kitu alitakiwa, baada ya kukitumia, atume sauti aeleze alivyokiona, kizuri na kibaya, na anayeeleza vizuri anapata betri ya bure. Watu walieleza kuhusu mabuti, pampu, tochi. Kwa maneno ya Boaz, hakuna aliyeeleza vizuri kama Abel. Watu walikuwa wanamsubiri aongee. Alibonyeza, sauti ya Abel ikatoka, changamfu, ya mtu asiye na shida na dunia.

"Kaka Boaz, nimekipokea. Mwanzo nilidhani umenipiga, maana chepesi kama kiberiti kilichoisha njiti. Nikasema hii plastiki imepakwa rangi. Nikakigonga kwenye nondo, nondo ndiyo ikapata alama, chenyewe kimya! Rangi ya jivu, haing'ai, hapo umenifurahisha, maana kinachong'aa huku kwetu kinaibiwa. Nitakutumia tena nikikizoea."

"Hiyo ni ya miezi miwili iliyopita," Boaz alisema. "Sikiliza ya pili."

"Wiki ya tatu leo. Kutu hakuna, na mimi nashinda kwenye maji ya mwalo kama chura. Nimekatia mipira ya pampu, nimekatia kamba za viroba, makali bado. Lawama ninazo mbili. Klipu yake ngumu, imenitoboa suruali mbili, utanilipa. Na loki yake usipoizoea inauma kidole. Ila kinafunguka kwa dole gumba tu, laini, hata dada yangu anakifungua, na yeye siku hizi mikono yake haishiki kitu. Kisu cha jikoni kinamponyoka. Hiki amekipenda kunishinda mimi mwenyewe. Nikikikosa najua kiko jikoni, na malimau."

Mteja aliyekuwa anachagua tochi alicheka. Sesilia hakucheka. Ile sauti changamfu na yule mtu aliyemwacha kituoni hawakufanana hata kidogo.

"Ya mwisho?"

"Ya Jumanne. Hii hapa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kitandani na hasira zake.

"Kaka Boaz, hapa sijakuelewa. Nimeamka, natoa kisu kwenye suruali, kimegeuka rangi! Jana jioni nimekiacha nyumbani kikiwa cha jivu, nikaenda mazoezi ya kwaya, maana kisu sibebi kanisani. Leo kina buluu, kina zambarau, kama kitenge cha harusi. Na kinafunguka kwa kukwaruza, kama kimeingia mchanga. Hii ni titani kweli, au umeniuzia bati? Wenzangu mlionunua, vya kwenu vimegeuka? Naomba jibu, na nakuja kukibadilisha leo."

 Sesilia aliomba irudiwe, ikarudiwa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Maiti ya Ignas ilionekana saa mbili. Muda wote huo ilikuwa imelala hatua ishirini kutoka kitandani kwa Abel, na Abel alikuwa amekaa na silaha iliyomuua mkononi, anawalalamikia watu mia moja na kumi na wawili kuhusu rangi!

"Anaweza kuwa alijitengenezea ushahidi," Donatus alisema, ila hata yeye hakujiamini.

"Anayejitengenezea ushahidi anauleta, Donatus. Huyu ameuficha. Siku tatu hajatutajia kundi hili hata kwa bahati mbaya." Alimgeukia Boaz. "Ulimjibu?"

"Nilimjibu saa moja, na alisikiliza." Boaz alibonyeza sauti yake mwenyewe. "Kaka, titani haigeuki rangi hivi hivi. Ni moto tu. Kuna mtu amekiweka kwenye moto mkali. Wala usiogope, ni ngozi ya juu tu hiyo. Kisugue na msasa laini, kinarudi."

Basi hapo ndipo Abel alipojua kwamba kisu kimepita motoni. Hakujua kwa nini, na alipokamatwa hakulijua bado, ndiyo maana alikana kwa nguvu zote. Leo asubuhi Sesilia mwenyewe, kwa mdomo wake, alimpa kipande kilichobaki: kilikuwa na damu. Abel aliunganisha moto na damu akaona jina la mtu. Kisha akakiri ili jina hilo lisitajwe.

"Nani Katoro ana moto wa kugeuza chuma hivi?" Sesilia aliuliza.

Boaz alimshangaa. "Mama, huu mji wa dhahabu. Nenda kwa Mzee Deusdedit pale nyuma."

Zilikuwa saa nne na nusu.

Mzee Deusdedit alikuwa amechoma dhahabu za watu kwa miaka thelathini. Wachimbaji walimletea vidonge vyao vya kijivu, dhahabu iliyokumbatiana na zebaki, naye alivielekezea tochi ya gesi mpaka zebaki ikaondoka kwa moshi na dhahabu ikabaki peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, tochi yake miguuni, na Donatus alipoiona ile tochi alimsogelea kwa namna ambayo mzee hakuipenda.

"Mwangaluka, baba," Sesilia alimsalimu Kisukuma, akamwongezea shikamoo, na mzee akalegea. Boaz alikuwa amewaazima kisu kingine cha aina ile ile, kipya, cha rangi ya jivu. Sesilia alimpa. "Kichome, baba, nione."

Mzee alikishika kwa koleo akawasha tochi. Ulimi wa moto ulilamba mpini. Hazikupita pumzi kumi, manjano ikajitokeza, ikafuatwa na zambarau, kisha buluu ikatambaa kutoka kwenye bawaba. Aliondoa moto, akavishika viwili, kile kipya na kile cha kwenye plastiki, akavilinganisha. Vilikuwa mapacha.

"Cha kwenu kimechomwa na mtu anayejua," alisema. "Moto umeanzia kwenye makali, ukaja kwenye bawaba, ukasimama katikati. Hakuungua mkono. Alikuwa anakisafisha."

"Kisu kinasafishwa kwa moto?"

Mzee alicheka, jino moja moja. "Nyie watu wa ofisi mnaamini maji. Sisi wachomaji maji hatuyaamini. Kitu kikichafuka unakipa moto, uchafu unaondoka, mali inabaki safi. Miaka na miaka ndiyo kazi ya mkono wako, asubuhi mpaka jioni. Mke wangu ananifukuza jikoni, kila kijiko nataka kukichoma. Mchimbaji angeosha. Muuza duka angetupa chooni. Huyu amechoma, huyu ni mchomaji mwenzangu."

Donatus hakuvumilia. "Na wewe ndiye mchomaji wa Ignas! Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Mimi?" Mzee alimtazama kwa dharau kabisa. "Kijana, Ignas hajaniletea hata punje miaka kumi na moja. Tangu aoe. Yeye ana mchomaji wake wa nyumbani."

"Nani?" Sesilia aliuliza.

"Si mkewe? Mama Blessing. Mmechunguza siku tatu hamkujua? Alhamisi na Jumapili watu walikuwa wanapanga foleni kwake. Katoro hii haukuwahi kutokea mkono kama ule, dhahabu ya mtu haipungui hata chembe. Basi tu, moshi wa zebaki umemmaliza." Akaunyosha mkono wake wa kulia mbele yao. Vidole vilikuwa vinacheza kama vya mtu aliyenyeshewa. "Tazama wangu. Wake umekuwa mbaya kuliko huu, na yeye bado mtoto."

Sesilia alivitazama vile vidole. Alikiona kikombe kikigongana na mdomo wa chupa, uji ukimwagika juu ya vidole vilivyozoea moto mpaka havisikii tena. Alikuwa amemshikia kikombe yeye mwenyewe! Alikuwa amesimama mle chumbani mwa kuchomea Jumanne, akaiona tochi, akaandika kwenye daftari "vifaa vya kazi vya marehemu", akapita. Hakuuliza anayevitumia ni nani. Yeye aliyekulia kwenye pamba na ng'ombe huko Shinyanga vijijini aliona moto na dhahabu akadhani bila kufikiri kwamba ni kazi ya mwanamume. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Na daktari alikuwa amemwambia! Majeraha matatu yasiyo na mpangilio, alisema, mkono wa aliyemuua haukuwa umetulia. Wao wakaandika ulevi. Abel ni Msabato, hajawahi kuonja pombe.

"Mzee, Ignas ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu mchana. Alikuja hapa kuniuliza mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa kuchoma kwa muda gani, maana mama yake ameshaharibika. Nikamwambia usithubutu, moshi huu unamla mtu mzima, sembuse mtoto. Shemeji yake alikuwa nyuma akasikia. Wakaondoka hapa wakibishana, nasikia mwaloni ndiko walikoshikana mashati." Mzee alizima tochi. "Nilidhani mnajua."

Msibani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, wengine wakichambua mchele. Sesilia alivua viatu, akapita kwa kuinama, akakaa kando ya mjane. Bernadina alimsogezea nafasi. Mtoto wake Blessing alikuwa amelala, kichwa juu ya paja la mama, na mkono wa mama ulikuwa juu ya nywele zake, unatetemeka.

"Mmemwachia?" Bernadina alinong'ona.

"Amekiri, mayu," Sesilia alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nani?"

"Abel. Amesema ameua yeye, peke yake. Saa nane anapelekwa mahakamani Geita."

Sesilia alikuwa amewahi kuwapa watu habari mbaya za kila aina, lakini hakuwahi kuona uso ukibadilika namna ile.  Mkono wa Bernadina uliokuwa hauachi kutetemeka ulisimama kabisa juu ya nywele za mtoto.

"Mwongo huyo," alisema hatimaye. "Anasema uongo. Si hajafanya kitu? Mimi nilisema hajafanya kitu, mtamhoji, mtaona, mtamwachia. Mtu asiye na kosa si huwa mnamwachia?"

"Kisu kilikutwa mfukoni mwake."

"Kilikuwa kisafi!"

Wanawake wawili wa karibu waligeuka.  Bernadina alikishusha kichwa cha mwanawe taratibu mkekani, akamfunika, akainuka.

"Njoo huku nyuma," alisema.

Chumba cha kuchomea kilikuwa kidogo, cha matofali mabichi, kuta zake nyeusi kwa moshi wa miaka. Donatus alibaki mlangoni. Bernadina hakukanyaga pale sakafu ilipokuwa imekwanguliwa damu. Alionyesha kigoda.

"Alimkalisha Blessing hapo. Akampa tochi, anamwelekeza. Mimi nilikuwa nakata malimau, nikasikia mwanangu anakohoa. Nikaja. Nikamwambia mtoto, simama. Akasimama. Baba yake akamrudisha kwa kofi, akamwambia akisimama tena atamvunja miguu. Mkono wangu ulikuwa bado na kisu." Alikitazama kigoda. "Sikukusudia kuja nacho, afande. Kilikuwa mkononi tu."

"Blessing aliona?"

"Nilimtoa, nikampeleka kwa jirani, nikamwambia baba amelala. Sijui kama aliamini."

"Halafu kisu?"

Bernadina alimtazama kama aliyeulizwa kitu kisicho na haja ya kuulizwa. "Kilikuwa kichafu. Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikakipa moto mpaka kikawa safi, nikakirudisha kwenye suruali ya Abel nyuma ya mlango, pale pale alipokiacha, ili asijue kama nilikichukua. Taa ilikuwa hafifu. Nilikiona kisafi, afande. Kwa macho yangu haya nilikiona kisafi."

"Kiligeuka rangi, Mama Blessing. Chuma kile moto unakibadilisha. Abel aliiona asubuhi. Alipojua kwamba kilikuwa na damu, akajua ni nani pekee nyumbani kwenu anayesafisha kwa moto."

Bernadina aliketi juu ya kile kigoda. Alilia kimya, bila kuufunika uso. Donatus aligeukia nje akajifanya anaangalia barabara.

"Saa ngapi sasa?" mwanamke aliuliza.

"Saa nane kasoro dakika kumi."

Alifuta uso kwa upindo wa kanga nyeusi. Aliiokota tochi ya gesi kutoka pembeni, akamkabidhi Sesilia kwa mikono miwili. "Hii msiiache humu. Asije mtu mwingine akamkalisha mwanangu hapo. Twendeni, gari lisije likaondoka."

Walifika kituoni gari likiwa tayari linaunguruma. Abel alikuwa ameshatolewa, pingu mkononi, askari mmoja kila upande, mguu mmoja juu ya ngazi ya nyuma. Aliiona pikipiki ya Donatus kwanza, kisha Inspekta, kisha kanga nyeusi nyuma ya Inspekta. Uso wake wote ulianguka.

"Dada, rudi nyumbani!" alipiga kelele. "Nimeshasema! Nimeshaandikwa! Rudi msibani!"

Sesilia aliinua mkono, dereva akazima gari. Askari walitazamana. Mkuu wa kituo alitoka mlangoni na swali mdomoni, akaona sura ya Inspekta, akalimeza. Bernadina alitembea mpaka mbele ya mdogo wake. Alizitazama zile pingu, kama anazipima uzito, na mikono yake ikaanza tena kutetemeka. Abel aliishika yote miwili ndani ya ile yake yenye minyororo, akaibana itulie.

"Abel," dada yake alisema. "Kisu chako nimekiharibu."

Abel alitikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalimfika kidevuni kabla sauti haijapatikana.

"Boaz anasema kinasuguliwa na msasa, dada," alimjibu. "Kinarudi."